Kutazama Ndege wa Porini Nyumbani kwa Mwaka Mzima: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Magharibi mwa Kenya

Wasomaji wengi walionieleza kwamba wamejaribu kuwatazama ndege wa nyumbani kwao wamekwama mahali pamoja. Wanaanza Januari kwa bidii, wanaandika majina ya ndege kumi au kumi na watano, wiki ya tatu wanaona orodha haibadiliki, na daftari linaishia kuwashia moto jikoni. Wengine huvumilia hadi Aprili, kisha wanagundua kwamba baadhi ya ndege waliowaandika hawapo tena, na hawana njia ya kujua kama wamehama, wamekufa, au wamebadilika manyoya tu.

Macho yao hayana kasoro. Tatizo ni kwamba kila siku walitazama kutoka mahali tofauti, kwa muda tofauti, na waliandika walichokiona bila kuandika walichokikosa. Majira hayajitokezi kwa mtu anayetazama hivyo. Njia ninayoieleza hapa ni ya kiti kimoja, dakika zilezile na daftari moja, kwa miezi kumi na miwili.

Miezi nitakayoitaja ni ya kwetu, kusini mwa Kakamega, na itawafaa pia wakazi wa Vihiga, Busia, Bungoma, Siaya na Kisumu. Anayeishi Nakuru afuate hatua zilezile, ila mvua asizihesabu kwa kalenda yangu. Azihesabu kwa kopo lake, kama nitakavyoeleza katika hatua ya sita.

## Vitu vinavyohitajika

- Daftari lenye jalada gumu na kurasa zisizopungua mia mbili. Karatasi zilizotawanyika hupotea kabla ya mwezi kwisha.
- Penseli mbili na kichongeo. Wino wa kalamu huenea karatasi ikipata unyevu, na kwetu asubuhi nyingi zina umande.
- Kiti au kigoda kisicholia unapojisogeza.
- Saa, au simu iliyozimwa sauti.
- Kopo lenye kuta zilizonyooka kutoka chini hadi juu, pamoja na rula.
- Karai pana lisilo na kina kirefu.
- Kitabu chenye picha za ndege wa Kenya au wa Afrika Mashariki. Cha kuazima kinatosha.
- Darubini ya macho mawili, ukiipata. Si lazima kwa miezi mitatu ya kwanza.

Kuhusu darubini, nambari zilizoandikwa juu yake zina maana. Katika 8x42, ya kwanza huonyesha kwamba kitu kinasogezwa mara nane, na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukiuziwa ya 20 au 30 kwa sifa kwamba inafika mbali, ikatae: kila mtetemo wa mkono utakuzwa mara hizo, na ndege hutamwona akitulia. Nane inatosha kabisa nyumbani.

Irekebishe kabla ya siku ya kwanza, kwa kuwa wengi huilaumu darubini ambayo haijawahi kurekebishwa. Ikunje katikati mpaka uone duara moja. Funga jicho la kulia, utazame jani lililo umbali wa hatua thelathini kwa jicho la kushoto, na uzungushe gurudumu la katikati mpaka mishipa ya jani ionekane wazi. Sasa funga jicho la kushoto na, bila kuligusa gurudumu hilo, zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia mpaka jani lilelile liwe wazi. Kuanzia hapo utatumia gurudumu la katikati pekee. Usiielekeze kwenye jua hata kwa nukta moja, wala usimwachie mtoto aende nayo peke yake, kwa maana jicho linaweza kuungua pasipo maumivu ya kumwonya.

## Hatua ya 1: Tafuta kiti, usiwafuate ndege

Mtu anayetembea huwasukuma ndege mbele yake. Aliyeketi husahaulika, na baada ya muda mfupi ndege hurejea kwenye shughuli zao. Ndiyo sababu kiti kinakuja kabla ya darubini na kabla ya kitabu.

Chagua mahali pa kukaa ukiipa mashariki mgongo, ili jua la asubuhi liwaangaze ndege kutoka nyuma yako. Ukikaa ukiitazama mashariki, kila ndege atakuwa kivuli cheusi, na hutajua kama kifua chake ni cha njano au cha kijivu. Mbele yako paweko vitu vitatu: mti mrefu wenye angalau tawi moja kavu juu, kichaka au ua wa miti, na ardhi iliyo wazi kama uwanja au shamba. Mwewe na kunguru hupenda tawi kavu, ndege waoga huishi kichakani, na njiwa pamoja na walaji mbegu hushuka mahali pa wazi.

Jaribu sehemu tatu, kila moja kwa asubuhi mbili, halafu uchague moja. Sehemu yenye ndege wengi lakini isiyo na kinga ya mvua haitakufaa mwezi wa Aprili. Mimi hukaa chini ya upenu wa ghala la mahindi, mahali ambapo hapo mwanzo nilipadharau kwa sababu mti wa karibu uko mbali kuliko nilivyotaka, lakini ndipo pekee ninapoweza kuketi mwaka mzima bila kulowa.

Zungumza na majirani kabla ya kuanza. Mtu aliyeketi alfajiri na darubini, akielekea boma la watu wengine, huzua maswali ya haki, hasa ikiwa bafu la nje au choo cha jirani kinaonekana kutoka hapo. Eleza unachofanya, waonyeshe daftari, na ikibidi ugeuze kiti. Mzee wa mtaa naye ajue.

Utajua kiti kimefaa iwapo kufikia dakika ya kumi ndege watakuwa wametua mbele yako pasipo kukujali. Kwetu ishara ni shore, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manyoya ya njano chini ya mkia. Akirudi kwenye kitawi chake na kuanza kuimba, nami nimeshakuwa sehemu ya ghala.

## Hatua ya 2: Weka mpaka wa duara

Kutoka kwenye kiti, tembea hatua sabini za kawaida, ambazo kwa mtu mzima ni karibu mita hamsini, na uweke alama kwa kitu kisichohama: mwembe, kona ya zizi, nguzo ya stima. Fanya hivyo pande zote unazoziona, kisha chora ramani ndogo kwenye ukurasa wa kwanza.

Ndege aliyetua ndani ya duara huhesabiwa. Anayepita angani bila kutua huandikwa katika safu yake, chini ya neno «juu». Aliye nje ya duara haandikwi katika hesabu, hata akiwa adimu namna gani. Mwandikie sehemu ya maelezo. Usipokuwa na mpaka, siku ya anga safi utawaona ndege wa vilima vya ng'ambo na siku ya ukungu utaona wa uani tu, kisha utadhani idadi imepungua ilhali kilichopungua ni mwanga.

## Hatua ya 3: Dakika thelathini, siku mbili kwa wiki

Anza saa 1:00 asubuhi kamili na umalize saa 1:30. Tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua letu huchomoza kati ya saa 12:20 na saa 1:00 kasoro mwaka mzima, na saa hiyo moja itakufaa Januari kama Julai. Ndege huwa wamekwisha kuamka, wana njaa, na joto bado halijawapeleka kivulini.

Fika dakika tano mapema, ukae bila kuhesabu. Chagua siku mbili za wiki ambazo kwa kweli unaweza kuzitunza. Jumatano na Jumamosi zinawafaa wengi. Kila siku ni nyingi mno, na watu walioniambia wataandika kila siku ndio walioacha mapema zaidi. Mvua kubwa ikinyesha saa hiyo, ahirisha hadi kesho yake na uandike sababu.

## Hatua ya 4: Jifunze ndege kumi kwa umbo, rangi ije mwisho

Hapa ndipo wengi huangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wiki nne za kwanza, usijali ndege zaidi ya kumi. Kwa boma la kawaida la magharibi, kumi hao wanaweza kuwa kunguru mwenye shingo na kifua cheupe, mwewe, kwarara wa kijivu apigaye kelele alfajiri, tetere, shore, kuzumburu, kwera afumaye viota, chozi afyonzaye maua, shomoro, na yule ndege mweusi na mweupe atikisaye mkia uwanjani kila anapotembea. Jina la lugha ya nyumbani likiwa ndilo unalolijua, liandike hilo. Jaluo anayeandika osogo badala ya kwera hajakosea kitu, na jina ulilolisikia kwa nyanya halikutoki kichwani.

Kwa kila ndege, jibu maswali manne kwa mpangilio huu. Ukubwa wake ukoje ukimlinganisha na shomoro, njiwa au kuku? Mdomo ni mnene wa kuvunjia mbegu, mwembamba wa kuokotea wadudu, au mrefu uliopinda wa kufyonzea maua? Anafanya nini: anatembea au anaruka kwa miguu miwili pamoja, ananing'inia, anatikisa mkia? Sauti yake ni ipi? Baada ya hayo ndipo uandike rangi.

Mtazame kuzumburu kwenye mpapai. Ni wa kahawia tupu, na kwa rangi pekee ungempita. Lakini ana kishungi kichwani, mkia unaouzidi mwili kwa urefu, na hukaa akining'inia kwa miguu iliyo sawa na mabega, tumbo likielekea jua, wanne au watano pamoja. Ukishaona mkao huo mara moja hutamhitaji tena kitabuni.

Rangi imewekwa mwisho kwa sababu hubadilika kwa majira. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwamba kweche wametoweka. Wakati wa mvua, dume la kweche lina manyoya mekundu kama kaa la moto na uso mweusi, na nilikuwa nimewahesabu sita kwenye nyasi za napia zilizo kando ya kijito. Kufikia Januari hapakuwa na hata mmoja. Nilidhani dawa iliyopulizwa kwenye mboga ndiyo iliyowaua, na nikamlaumu mtu bila haki. Kumbe walikuwa palepale, katika kundi la ndege wadogo wa kahawia wenye michirizi waliokuwa wakiokota mbegu katikati ya mabua, ambao daftari langu liliwaita «shomoro wengi». Madume huvua manyoya mekundu baada ya kuzaa na kuvaa ya kahawia kama majike. Mdomo, hata hivyo, ulikuwa uleule mfupi na mnene, na mkia uleule mfupi.

Fumbwe hukupa funzo hilo kwa njia iliyo rahisi zaidi. Dume wakati wa mvua ni mweusi na mweupe, na mkia wake mrefu hupeperuka nyuma anaporuka juu na chini mbele ya jike. Kiangazi mkia huo huanguka na mwili huwa wa michirizi, lakini mdomo hubaki mwekundu. Ukiona kundi la ndege wadogo wa kahawia mwezi wa Januari, tafuta mdomo mwekundu. Wa Njoro na Molo watazame pia ndege mweusi mwenye mkia mrefu ajabu juu ya nyasi za nyanda za baridi. Naye nje ya majira ya kuzaa ni wa kahawia kama wenzake.

Programu za simu zinazotambua sauti zinaweza kukusaidia kuanza kutafuta, ila usiandike ndege ambaye simu pekee ndiyo iliyomsikia. Mwandike baada ya wewe mwenyewe kumwona au kuitambua sauti yake. Wala usiwachezee ndege sauti zilizorekodiwa ili waje karibu, hasa wanapotaga, kwa maana dume huacha kiota na kutumia nguvu zake kupigana na adui asiyekuwepo.

Baada ya mwezi, mwombe mtu akutajie ndege mmoja katika kumi hao, nawe umweleze bila kutaja rangi. Ukiweza kwa wote kumi, ongeza watano wengine.

## Hatua ya 5: Andika sifuri

Ukurasa wa kila asubuhi uwe na tarehe, hali ya hewa kwa maneno machache, na safu mbili za idadi: ndani ya duara na juu. Orodha ya majina ibaki na mpangilio uleule kila siku. Mfano ni huu:

*Jumamosi, 12 Oktoba. Mawingu, umande mwingi. Tetere 3. Shore 2. Kuzumburu 0. Kwera 14, madume 5 wanafuma. Chozi 1. Mbayuwayu 0, juu 9. Mwewe 0, juu 1. Maelezo: mahindi ya jirani yamevunwa jana.*

Sifuri ya kuzumburu ina thamani sawa na kumi na nne ya kwera. Inasema kwamba ulimtafuta ukamkosa. Nafasi tupu haisemi lolote: huenda hakuwepo, huenda ulisahau, huenda ulikuwa unajibu simu. Kuondoka kwa ndege msafiri kunaweza kuthibitishwa kwa sifuri tu, tena kwa mfululizo wake. Kwa hiyo, kuanzia siku uliyomwandika ndege kwa mara ya kwanza, jina lake lisikose katika ukurasa wowote hadi mwaka uishe.

Kundi kubwa lihesabu kwa kumi kumi. Hesabu kumi wa kwanza mmoja mmoja, zoea nafasi wanayochukua, kisha uone nafasi kama hiyo inaingia mara ngapi katika kundi zima. Neno «wengi» lisiwepo daftarini.

## Hatua ya 6: Pima mvua kwa kopo

Katika nchi za mbali na ikweta, urefu wa mchana huwaambia ndege wakati wa kutaga. Kwetu mchana haubadiliki kiasi cha kutosha, na kazi hiyo hufanywa zaidi na mvua: nyasi hutoa mbegu, majani mabichi ya kufumia hupatikana, na wadudu wa kulisha makinda huongezeka. Anayeandika ndege bila mvua amepata nusu ya habari.

Lifunge kopo kwenye nguzo fupi mahali pa wazi, mbali na miti na matone ya paa, mdomo ukiwa sawa kabisa. Kila siku saa 3:00 asubuhi, ingiza rula, soma kina kwa milimita, andika, kisha mwaga. Kwa kuwa kuta zimenyooka, kina cha maji ndani ya kopo ndicho kiasi cha mvua. Kopo lililopanuka juu litakudanganya. Rula nyingi hazianzi sifuri ukingoni, kwa hiyo kata kile kipande kitupu cha mwanzo.

## Hatua ya 7: Fuata majira, ukijua cha kutafuta

### Januari na Februari

Huu ndio ukame wetu, na ni wakati mzuri wa kuanza kwa sababu majani yamepungua na ndege huonekana. Ng'ombe wakiwa malishoni, tazama miguuni mwao: kuna ndege wembamba wa njano watikisao mkia, waliotoka Ulaya na Asia, wanaokula wadudu wanaofurushwa na kwato. Oktoba huwa wamefifia. Kufikia Februari na Machi madume yao huwa yamepata njano inayong'aa, kwa kuwa wanajiandaa kurudi kuzaa.

Mrembe ukiwa karibu na kwenu, sogeza kiti uuone. Mti huu hutoa maua mekundu wakati matawi hayana majani, na chozi huugombania. Dume la chozi wa shaba, lenye manyoya mawili marefu katikati ya mkia, huonekana jeusi kivulini, na akigeuka juani mwili mzima hubadilika kuwa shaba na kijani.

### Machi hadi Mei

Andaa penseli ya ziada. Kabla ya mvua au pamoja na matone ya kwanza utamsikia kekeo mwenye kifua chekundu, ambaye hutoa sauti tatu zinazoshuka, tena na tena, mpaka usiku. Kumwona ni vigumu, na hapa nakuruhusu kuhesabu kwa sikio. Andika tarehe ya kwanza ya sauti hiyo kwa herufi kubwa, kisha ilinganishe na kopo. Dudumizi naye hulia kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, ila yeye ni mkazi wa mwaka mzima, kwa hiyo kilio chake kisichukuliwe kuwa ni kuwasili kwake.

Siku kumbikumbi watakapotoka ardhini baada ya mvua, vunja ratiba. Kaa hata iwe alasiri. Mwewe huwadaka kwa kucha na kuwala angani, mbayuwayu hupita chini chini, na ndege ambao kwa kawaida hula mbegu nao hushuka. Nusu saa ya namna hiyo itakuonyesha ndege wengi kuliko wiki mbili.

Kwera nao huanza kufuma. Chagua dume moja na umtazame tangu kitanzi cha kwanza. Hukata ukingo wa jani la napia au la mhindi kwa mdomo, huruka nao na kuchana utepe mwembamba, kisha huufunga kwenye kitawi akiushika kwa mguu. Kiota kikiisha, huning'inia mlangoni akipigapiga mabawa ili jike aje akikague. Jike asipokikubali na majani yakakauka kuwa ya kahawia, dume hukibomoa na kuanza upya. Hesabu viota vya kijani na vya kahawia kando kando. Ndiyo njia rahisi ya kujua kama koloni linaendelea kuzaa au limesimama.

Wakati huohuo wasafiri wanaondoka. Makundi ya keremkerem wa Ulaya, ndege walao nyuki, hupita juu sana, na husikika kabla ya kuonekana. Mbayuwayu hukusanyika kwenye nyaya za stima, na kufikia mwisho wa Aprili sifuri zao huanza.

### Juni na Julai

Asubuhi ni za baridi na daftari huonekana kupoa. Tazama makinda. Ndege mchanga ana kona za mdomo zilizonenepa na zenye rangi hafifu, mkia mfupi, na hutikisa mabawa akiomba chakula. Ukiona ndege mdogo akimlisha kinda linalomzidi ukubwa, hilo ni kinda la kekeo, ambaye hutaga katika viota vya wengine.

### Agosti hadi Desemba

Mvua ya pili na mavuno ya mahindi hukutana, na kwera wengi hufuma tena. Kando ya mito na ziwa, wa kwanza kurejea kutoka kaskazini ni kitwitwi mwenye kiuno kinachochezacheza, ambaye unaweza kumwona tangu Agosti. Septemba na Oktoba huleta keremkerem na mbayuwayu.

Kwa mbayuwayu, kuwa mwangalifu. Magharibi mwa Kenya tunaye mbayuwayu wa Angola ambaye ni mkazi, na kwa haraka hufanana kabisa na msafiri wa Ulaya. Msafiri ana ukanda mweusi uliokamilika kifuani na tumbo jeupe au la rangi ya maziwa. Mkazi ana ukanda uliokatika katikati na tumbo la kijivu. Ukitumia darubini, mtazame msafiri aliyetua wayani Oktoba: mara nyingi manyoya ya mabawa yamechakaa na nyuzi za mkia, yale manyoya marefu ya pembeni, zimekatika au ni fupi. Hubadilisha manyoya hayo akiwa huku kwetu, na mwezi wa Machi huondoka na nyuzi mpya ndefu. Andika urefu wa mkia kwa maneno kila mwezi. Sijui jambo jingine linaloonyesha mwaka ukipita juu ya mwili wa ndege kwa uwazi kama hilo.

## Hatua ya 8: Karai la maji

Weka maji yenye kina cha vidole viwili, na jiwe katikati lililotokeza nje. Karai likae hatua tatu kutoka kichakani: karibu zaidi paka atajificha, mbali zaidi ndege hawatakuwa na pa kukimbilia. Mwaga maji na uyabadilishe kila siku ili mbu wasizaliane, na ulisugue kwa mchanga kila wiki, bila sabuni. Ukilianza, liendelee mwaka mzima, la sivyo hesabu za Januari na Aprili hazitalinganishika.

## Hatua ya 9: Viota na hatari nyingine

Kiota kitazame kutoka kitini. Usikisogelee kupiga picha, usikate majani yanayokificha, na usikanyage njia mpya kukielekea, kwa sababu kunguru na watoto wenye manati wataifuata. Korongo taji hustahili tahadhari kubwa kuliko wote: ni ndege aliye hatarini duniani, hutaga kwenye vinamasi vya kwetu, na akifukuzwa kiotani mayai au vifaranga vyake huchukuliwa upesi. Ukijua kiota chake kilipo, usikitangaze, hata kwa nia njema. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda ndege wa porini.

Bundi akikaa kwenye mti wenu, mwandike na umwache. Najua kinachosemwa juu yake, na najua wazee wangu walimrushia mawe. Anakula panya wa ghala, na sijaona msiba uliotanguliwa naye ambao haukuwa na sababu nyingine.

Ndege waliokufa wengi mahali pamoja wasiguswe kwa mkono mtupu wala wasiliwe. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala ndege wamewahi kutegwa kwa sumu ya wadudu, na sumu hiyo humwua mtu pia. Toa taarifa kwa ofisi ya wanyamapori au ya mifugo iliyo karibu. Anayetazama kando ya ziwa, Dunga au Usoma, asikae majini wala kwenye mafunjo alfajiri, kwa ajili ya viboko.

## Hatua ya 10: Soma daftari

Mwaka ukiisha, chora jedwali lenye miezi kumi na miwili juu na majina ya ndege pembeni. Katika kila chumba andika asubuhi ulizomwona juu ya asubuhi ulizoketi: 7/8, 0/9, 3/8. Safu ya chini kabisa iwe ya milimita za mvua za mwezi huo.

Sasa wakazi, wasafiri na waliobadilisha manyoya watajitenga. Aliye na 8/8 mwaka mzima ni mkazi. Anayeanza Septemba na kufikia sifuri Mei ni msafiri wa kaskazini. Anayepanda na kushuka pamoja na safu ya mvua huenda anahama ndani ya Afrika, au huenda yupo ila hukumtambua nje ya manyoya ya mvua. Rudi kwenye maelezo ya miezi yake ya sifuri uone kama palikuwa na kundi la «kahawia, michirizi».

Ukitaka orodha zako zitumike zaidi ya nyumbani, mradi wa Kenya Bird Map umeigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa, na hupokea orodha za saa mbili au zaidi za kutazama ndani ya mraba mmoja kupitia programu ya simu ya BirdLasser. Vijijini kwetu kuna miraba iliyotazamwa mara chache sana ikilinganishwa na ile ya Nairobi na ya mbuga, kwa hiyo hata orodha ya ndege wa kawaida ina nafasi yake. Nusu saa yako ya kiti haitoshi kwa orodha hiyo; tenga asubuhi moja ya ziada kila mwezi, utembee hadi kijitoni na kurudi.

Daftari la mwaka wa pili lianze kwa ramani ileile, na chini yake uandike kilichobadilika ndani ya duara: mti uliokatwa, nyumba mpya, napia iliyong'olewa ikapandwa miwa, pamoja na tarehe ya kila kimoja.